Kurasa Zilizobaki za Fundi Shafii

Jumatatu, 9 Juni

Daftari hili si langu. Ni la mume wangu Shafii, aliyekuwa fundi cherehani hapa Gitega kwa miaka ishirini na sita, akafariki Jumamosi ya tarehe 17 Mei baada ya kuumwa kifua siku tatu tu. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya watu. Za nyuma ni tupu. Mama Husni, jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyeniambia niandike, maana mjane aliye edani akikaa na maneno tumboni yatamchachia kama uji wa jana.

Basi naandika. Naitwa Salima. Mungu hakutupa mtoto. Nyumba ni chumba cha mbele chenye cherehani na mlango wa barabarani, vyumba viwili nyuma yake, na ua. Tangu Mei mlango wa mbele umefungwa.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Nimehesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa na duka la vitambaa, nikaizungushia duara tarehe 27 Septemba. Kila jioni nafuta siku moja kwa kalamu. Kiangazi chote kitapita mimi nikiwa ndani.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma vipimo vya mwisho alivyoandika. "Eliud wa Jovina, Bugendana. Suti ya harusi, buluu nyeusi. Bega 45, kifua 98, kiuno 80, mkono 63. Mfyatua matofali. Kuchukua: Gitega, kwa fundi Shafii, Ijumaa 12 Septemba."

Hivyo ndivyo alivyomwandikia kila mteja, vipimo na neno moja la mwili wake: huyu bega la kushoto limeshuka, huyu tumbo linakuja, huyu anadanganya kuhusu kiuno. Na hiyo "Gitega, kwa fundi Shafii" aliiandika hata kwa mtu wa nyumba ya tatu, kana kwamba angepotea njiani. Nilikuwa nikimcheka. Sasa namcheka peke yangu na haichekeshi.

Vipande vya suti hiyo viko mezani, vimeshakatwa, vina chaki yake. Sijavigusa.

Jumamosi, 14 Juni

Vumbi. Harusi tatu zimepita barabarani kwa honi. Nimefuta siku.

Jumapili, 15 Juni

Vumbi. Nimefuta siku.

Alhamisi, 26 Juni

Jana ilikuwa arobaini. Kaka yangu Houssein alikuja kutoka Muyinga na mchele na mbuzi. Watu walisoma dua, wakala, wakaondoka. Nguo za marehemu ziligawiwa kama inavyotakiwa. Nilizitoa zote isipokuwa koti lake la buluu nyeusi, la Ijumaa, ambalo nililificha chini ya godoro kama mwizi. Bado lina harufu ya pasi ya makaa na tangawizi, na mimi bado sijashiba harufu hiyo.

Kabla ya kuondoka Houssein alikaa na mimi uani. Yeye ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenilea baba alipofariki, na maishani mwangu sijawahi kumwambia hapana.

"Sikia, Salima. Eda ikiisha mi nakuja kukuchukua. Huku iko nani wako? Hakuna. Muyinga tuko wote. Chumba nitakujengea."

"Sawa, kaka."

"Mwanamke mmoja, nyumba kama hii, na mlango kwa barabara. Watu watasema Houssein ametupa dada yake. Donc, basi, tumesikilizana?"

"Ndiyo, kaka."

Nimesema ndiyo na sijui kama ni ndiyo. Naona nangoja kuchukuliwa kama suruali.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Tangu asubuhi nasikia ngoma kutoka uwanjani, na watoto wa mtaa wote wamepita na bendera ndogo. Mtaa mzima ulibaki na mimi na kuku wa Mama Husni.

Nimefahamu kitu leo. Laiti mvua ingekuwa inanyesha, kila mtu angekuwa ndani na mimi ningekuwa kama wengine. Kiangazi kila mtu yuko nje. Wanaoa, wanaposa, wanajenga, wanakaa vibarazani wakipumua vumbi pamoja. Upweke wangu unasikia kila kitu na hauoni chochote.

Saa mbaya kuliko zote ni saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Shafii alikuwa akisimamisha cherehani na kuita, "Salima, vifungo!" Nami nilikuwa nikienda na sindano yangu, nikishona vifungo na pindo, yeye akinywa chai na kunikosoa. Sasa ikifika saa hiyo mikono yangu inaniuliza tufanye nini. Leo nimemkasirikia Shafii kwa kufa. Nimeomba radhi, halafu nikamkasirikia tena.

Nimefuta siku.

Jumatano, 9 Julai

Kuna mtu amegonga mlango wa mbele, mlango usiogongwa. Nikamwambia kwa ndani azunguke uani.

Ni Jovina wa Bugendana, yule wa kwenye daftari. Amekulia Tanzania, kwenye kambi za Kigoma, akarudi na watoto wanne na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alikuwa hajui msiba. Aliniona na nguo yangu ya eda akakaa mkekani bila kukaribishwa, na kikapu chake cha ndizi bado kichwani.

"Mwihangane," alisema kwa Kirundi, yaani poleni. Kisha akatua kikapu. "Alimpima mwanangu huku anacheka. Alisema bwana harusi huyu ana mikono ya kubeba mke na mama mkwe."

Hilo lilikuwa neno la Shafii kabisa. Nilicheka, na katikati ya kucheka nikalia, na yeye akaniacha nimalize.

Nilimpa vipande avipeleke kwa mafundi wa sokoni. Baada ya saa moja akarudi navyo.

"Wamekataa wote, dada. Wanasema mkato wa fundi mwingine haushonwi, na wa marehemu ndiyo kabisa. Nikatafute kitambaa kingine. Na mimi kingine sina."

Kweli, ndivyo mafundi walivyo. Hata Shafii asingeshona mkato wa mwenzake, angesema ni kumalizia sentensi ya mtu mwingine.

"Mi najua vifungo na pindo tu," nilimwambia. "Na bitana kidogo. Koti alikuwa anashona yeye."

"Ulikuwa unamwangalia?"

"Kila siku."

"Basi unajua zaidi ya wale." Akaanza kumenya ndizi kana kwamba ni kwake. "Nitakuambia kitu. Kambini sote tulivaa nguo za kupewa. Shati la mtu wa Ulaya, suruali ya mtu wa wapi sijui. Hakuna hata moja iliyotutosha. Eliud amezaliwa mle. Nataka siku moja tu avae kitu kilichokatwa kwa ajili yake."

Nilimwona king'ang'anizi. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu mimi ndiyo naitoa kwa kila mtu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefungua mfuniko wa cherehani. Nimeufunga. Nimefuta siku.

Jumanne, 15 Julai

Nimeufungua tena. Nimetia uzi na mafuta. Asubuhi ni baridi, vidole havikunjiki.

Jumanne, 22 Julai

Suruali imekwisha. Nimeifumua mara tatu. Mama Husni ameigeuza nje ndani akitafuta kasoro, akakosa, akakasirika kidogo.

"We Salima, ulikuwa unajificha," amesema.

Nimefuta siku.

Jumamosi, 2 Agosti

Milima inachomwa, jivu linaanguka uani kwenye nguo zangu zilizoanikwa. Harusi nne. Honi.

Houssein amepiga simu. Chumba kimefika kwenye lenta. Anasema kwa furaha, na mimi nasikiliza kama mtu anayesimuliwa ukubwa wa jela yake, na naona aibu kufikiri hivyo juu ya kaka yangu. Nimefuta siku.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku hizi Jovina anapita kila siku ya soko akishamaliza kuuza. Anakaa mlangoni mwa chumba cha mbele, upande wa ndani, anachambua maharagwe, mimi nashona. Hatusemi sana. Nimeacha kumwona king'ang'anizi. Ni mtu asiyeogopa kukaa na aliyefiwa, na watu wa namna hiyo si wengi.

Ameniuliza nitafanya nini eda ikiisha. Nikamwambia nitahamia Muyinga kwa kaka.

"Unataka?"

Nikamwambia aniletee uzi mweusi akija tena.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo nimeunga mgongo wa koti. Kingo, kile kitambaa kinachobaki ndani ya mshono, zilikuwa pana mno, vidole vitatu mgongoni na ubavuni, wakati Shafii siku zote alikuwa akiacha kimoja. Nadhani alikuwa ameanza kuumwa, mkono ukamponyoka. Nimezipunguza kwa mkasi, zikawa safi. Kupunguza pindo ndiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita, kwa hiyo hapo sikusita hata kidogo. Nimefurahi kumsahihisha kwa mara ya kwanza. Nimefuta siku.

Jumatano, 27 Agosti

Koti limesimama. Kola imelala vizuri. Jumamosi Eliud anakuja kujaribu. Maji ya bomba hayajatoka siku tano, na mimi naimba.

Jumamosi, 30 Agosti

Nitaandika yote ili nisijidanganye baadaye.

Walikuja saa nne. Kwa kuwa niko edani sikuweza kumpima kijana wa watu mwenyewe, tukafunga pazia kati ya chumba cha mbele na cha nyuma. Eliud na mama yake wakawa upande wa cherehani, mimi nyuma ya pazia kama mganga. Nilikuwa namwambia Jovina cha kufanya na yeye ananiambia anachokiona. Mwanzo tulicheka.

"Suruali?"

"Imekaa. Amekuwa mtu."

"Mvalishe koti."

Nikasikia kitambaa kinavutwa. Kikavutwa tena.

"Jovina, pale mgongoni kuna nafasi ya kidole?"

"Hakuna hata ya kucha, dada."

"Mwambie anyanyue mikono taratibu."

Nilisikia mshono ukiachia. Mtu aliyeishi na fundi anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini.

Nikamwambia Jovina ampime upya. Kifua 105. Mgongo nao umetanuka. Kijana amefyatua matofali tangu Juni, matofali ya nyumba yake mwenyewe, kila siku tangu jua kuchomoza, kwa sababu kiangazi ndicho msimu wa matofali na Septemba anaoa. Hapo ndipo neno la daftari liliponiingia. Mfyatua matofali. Shafii alimpima mwezi wa tano na akamkatia mwili wa mwezi wa tisa. Vidole vitatu havikuwa mkono uliomponyoka. Vilikuwa ufundi wake, na mimi nikavikata na kuvitupa, na jioni ile nikaandika kwamba nimemsahihisha.

Niliwaambia nikiwa nyuma ya pazia kwamba kosa ni langu. Nilitaka wapige kelele. Eliud alisema tu, "Hakuna neno, mama, nitavaa nikiwa nimeshusha mikono." Maskini, siku nzima ya harusi kama mtu aliyefungwa kamba.

Jovina aliingia upande wangu, akakaa. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba harusi bado siku ishirini na moja. Nilimwambia kitambaa hicho hakipo tena mjini. Akasema anajua.

Wameondoka. Koti liko mezani, mgongo umefunguka. Kitu cha mwisho alichokifanya mume wangu duniani nimekiharibu kwa mkasi wake mwenyewe. Sijafuta siku.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempigia Houssein.

"Kaka, njoo unichukue. Hata leo."

"Iko nini? Umeugua?"

"Hapana. Nimechoka na nyumba hii."

"Eda ni eda, Salima. Unaimalizia kwa nyumba ya bwana yako, we unajua. Vumilia. Chumba kiko na rangi tayari, mi mwenyewe nimepaka."

Nililia mbele ya simu iliyokwisha kukatwa. Nimefuta siku mbili pamoja.

Jumatatu, 1 Septemba

Mama Husni anakwenda Bujumbura, binti yake anajifungua, hatarudi kabla ya Oktoba. Amekuja kuaga, akaliona koti mezani, nikamsimulia.

"Bon," amesema. "Na lile la chini ya godoro?"

Nikajifanya sijasikia.

"Mi nilitandika kitanda chako siku ya arobaini, Salima. Nilisikia vifungo kwa mkono. Nguo ya marehemu inapewa mtu. Ulitoa zote, moja bado. Rangi iko moja na hii, ama mi sioni vizuri?"

Amenibusu, akaondoka. Mtaa umekuwa mtupu zaidi, lakini maneno yake yamebaki yamekaa kwenye kiti.

Jumatano, 3 Septemba

Nimelitoa koti la Shafii. Nimelivaa kwanza, mara moja, mikono ikinifunika vidole. Nimelinusa hadi nikaona sasa nanusa godoro tu. Harufu yake ilishaondoka bila kuniaga, sijui lini.

Kisha nimeliweka mezani na kuchukua mkasi. Nilimwambia Shafii kwa sauti, "Nipe vidole vyako vitatu." Nimekata vipande viwili virefu vya kuongezea ubavuni mwa koti la Eliud na kimoja cha katikati ya mgongo, na safari hii nimeacha kingo. Sitasema haikuuma. Imeuma kama siku ya kwanza. Ila siku ya kwanza mikono yangu haikuwa na kazi, na leo ilikuwa nayo.

Alhamisi, 11 Septemba

Pazia tena.

"Kidole?" nimeuliza.

"Viwili," amesema Jovina.

"Anyanyue mikono."

Nimeshika pazia. Hakuna sauti ya mshono. Kisha nikasikia kishindo cha miguu, kikafuata kingine, na Jovina anacheka. Eliud alikuwa anacheza, wanaume wa kwetu wanavyocheza harusini, anaruka na mikono hewani.

"Inapumua, fundi," amesema. "Asante sana, fundi."

Niligeuka kuona anasema na nani. Nimefuta siku.

Ijumaa, 12 Septemba

Jovina amechukua suti, tarehe ileile. Kwenye ukurasa wa Eliud nimepiga mstari wa mshazari kama Shafii alivyokuwa akifanya nguo ikitoka.

Jumamosi, 20 Septemba

Harusi ya Eliud leo, Bugendana. Honi zimepita hapa kama Jumamosi zote, na kwa mara ya kwanza nimejikuta najiuliza kimoyomoyo nani amemshonea bwana harusi. Nimefuta siku.

Jumapili, 21 Septemba

Houssein amepiga simu. Anakuja kunichukua eda ikiisha, ila mafuta hayapatikani Muyinga, magari yamelala, anaweza kuchelewa siku chache. Nimemwambia asiwe na haraka.

Jumatatu, 22 Septemba

Jovina amekuja na mkungu wa ndizi na wanawake wawili wa Gishubi, ndugu za bibi harusi, kila mmoja na kitambaa chake. Waliona mgongo wa Eliud akicheza. Niliwaambia mimi naondoka mwishoni mwa juma. Wakasema basi juma bado halijaisha, niwapime. Nimewapima. Wa kwanza, Jeska: bega la kulia limepanda, anabeba maji upande huo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimekata gauni la kwanza la maisha yangu. Nilifungua mlango wa mbele nipate mwanga, nikasimama kizingitini, nikaangalia barabara kidogo. Jirani amenisalimu. Nikarudi ndani kwenye kazi, mwanga ulikuwa mzuri.

Jumatano, 24 Septemba

Mkono wa gauni unanisumbua. Chai imepoa mara mbili. Mawingu upande wa kusini.

Alhamisi, 25 Septemba

Mkono umekubali. Nilikuwa nautia kinyumenyume. Nimecheka mwenyewe, na safari hii imechekesha. Saa kumi na moja imepita bila mimi kuiona.

Ijumaa, 26 Septemba

Houssein amefika adhuhuri, amepanda magari matatu na pikipiki moja, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa kwenye cherehani na pini mdomoni. Alisimama akaangalia kitambaa, gauni lililotundikwa, mlango wazi.

"Mi nilifikiri nitakuta umefunga mizigo."

"Karibu, kaka. Bado kesho. Eda inaisha kesho."

"Kesho namna gani? Imeisha Jumatatu."

Nikamwonyesha kalenda. Yeye akaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, akitaja miezi yetu: Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Eda huhesabiwa kwa mwezi unaoandama, kila mtoto wa madrasa anajua, na mimi nikahesabu kwa kalenda ya duka la vitambaa. Muyinga walijua, msikitini wangejua, Mama Husni angejua kama angekuwapo. Siku nne nimekuwa huru humu ndani na hakuna aliyeniambia.

"Siku ine!" amesema Houssein. "Pole, dada yangu. Umefungwa siku ine za bure. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nashona."

Nikaitazama ile kalenda. Alama ya mwisho ilikuwa Jumamosi tarehe 20. Tangu hapo hakuna siku niliyoifuta. Nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Nilimpa maji ya kunawa, nikampa chakula, nikangoja amalize, maana kaka mwenye njaa haambiwi kitu. Kisha nikasema.

"Kaka, mi nabaki."

"Kubaki wapi?"

"Hapa. Mlango ulikuwa wazi siku nne na sikutoka. Hakuna kilichonishika. Hapa ndipo nataka kukaa."

Hakugombeza, na ingekuwa rahisi kama angegombeza. Aliinamisha kichwa. "Mi nimejenga chumba kiangazi chote, Salima. Watu watasema nimekutupa."

"Waambie nilikataa. Waambie ulikuja kwa magari matatu na pikipiki, na mimi nikakataa."

Machozi yalinitoka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, la kwanza la namna hiyo kwake, na halikurudi. Akainuka, akaishika ile cherehani.

"Quand même," alisema mwishowe, "hata hivyo njoo uone chumba. Siku chache. Nimekipaka rangi."

Jumapili, 28 Septemba

Jana na leo nimemaliza magauni ya watu. Kesho tunasafiri. Nimefunga begi dogo: nguo mbili, daftari hili, tepu ya kupimia. Mlango wa mbele nimefunga mwenyewe na ufunguo nimeutia begini.

Alhamisi, 2 Oktoba, Muyinga

Mvua ya kwanza imenyesha jana, na watu wote tukawa ndani pamoja, kaka, mkewe na watoto, tukipiga kelele kushinda bati. Nimekula vizuri, nimetaniwa vizuri.

Chumba ni kizuri. Kina rangi ya kijani, imepakwa na mtu asiyejua kupaka, brashi imepita hadi kwenye kioo. Chini ya dirisha ameweka meza imara, na nilipomuuliza ya nini alisema, "Ya cherehani yako, kama ungekuja nayo." Miezi mitatu nilikiita jela chumba hiki, naye alikuwa anawaza mwanga wa kushonea. Nimemkumbatia. Nikamwambia nitakuja kila Idi, na chumba kisipewe mtu.

Halafu nikaona koti alilovaa. Mikono inaishia juu ya kifundo cha mkono, na vifungo vimekata tamaa. Nimemwambia asimame.

Houssein, kaka yangu, Muyinga. Koti, kahawia. Bega 47, kifua 108, kiuno 104, mkono 61. Anabeba mizigo ya wote, aachiwe vidole vitatu mgongoni.

Kuchukua: Gitega, kwa fundi Salima, Ijumaa 31 Oktoba.